Nilipopunguza sufuria

Mimi huuza nguo za mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, na kazi hii imenipa jicho ambalo sikulisomea popote. Mteja akitokea, kabla hajafika mezani kwangu nimeshajua saizi yake. Kiuno, mabega, urefu wa mguu, vyote navipima yeye bado anapishana na mkokoteni. Naanza na hilo kwa sababu jicho hilohilo lilishindwa kuona kilo nane zikitoka mwilini mwa mama yangu mzazi, ndani ya nyumba yangu, tukila sufuria moja.

Ilianza Oktoba 2022. Nilikuwa nimempeleka Mama kliniki yake ya presha, tumetoka nyumbani Umoja alfajiri hata chai hatujanywa. Foleni ilikuwa fupi, nesi akaniangalia akaniambia, "Na wewe Mama, hebu kaa nikupime maadamu uko hapa." Mama alipanda mizani kwanza: kilo 54. Nikapanda mimi: 89. Presha yangu 148 kwa 94. Sukari, na sikuwa nimetia kitu tumboni tangu usiku, 6.4. Nesi akasema sukari haijaingia ila imebisha hodi, na kwamba nikiwahi ninaweza kuizuia mlangoni.

Nilikuwa na miaka 52. Dada ya baba yangu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Chakula changu cha wakati huo kilikuwa cha kila mtu sokoni. Saa kumi na moja alfajiri chai ya maziwa na mandazi mawili tukisubiri belo zifunguliwe. Saa nne chai nyingine na chapati. Saa saba madondo na chapati mbili, na soda ya kuteremshia. Jioni ugali, na nikisema ugali nasema ule mlima, si kile kipande cha kupamba sahani. Sikujiona mlafi. Nilijiona mtu anayeamka mapema.

Binti yangu anasomea uuguzi, na ndiye aliyenisimulia habari za panya. Mwaka 1935, katika Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, Clive McCay na wenzake walitangaza kwamba walikuwa wamewalisha panya chakula kidogo sana, lakini wakahakikisha vitamini na madini yote yamo. Panya wale walidumaa, ila waliishi, hasa madume, muda mrefu kuliko wenzao waliokula wakashiba. Tangu hapo wanasayansi wamerudia jambo hilo kwa minyoo, nzi na panya wa kila aina, na mara nyingi jibu limekuwa hilohilo: punguza chakula, maisha yarefuke. Mimi katika hadithi hiyo nilishika neno moja tu, kuishi. Kudumaa sikulisikia. Vitamini na madini sikuyasikia.

Jioni nyingine akanieleza habari za Mjapani anayeitwa Yoshinori Ohsumi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Huyo alifanya kazi na hamira, hii hii tunayotia kwenye mahamri. Aliinyima chakula, akaangalia kwenye hadubini, akaona seli zinakusanya vipande vyake vilivyochakaa na kuvimeng'enya upya ili zijilishe. Seli zetu sisi nazo zina kazi hiyo, na njaa ni mojawapo ya vitu vinavyoiamsha.

Hapo akili yangu ikaenda moja kwa moja sokoni. Belo likifunguliwa, nguo safi zinazochaguliwa kwanza tunaziita kamera. Zile za mwisho, zenye madoa na zipu mbovu, ni fagia. Nikajiambia mwili nao una fagia yake: mafuta ya tumboni na hizo seli zilizochakaa. Nikiunyima chakula utauza fagia, kamera ibaki. Nilifurahia sana wazo langu hilo, nikawa nawaeleza hata wateja.

Nikaanza. Soda kwaheri, mandazi kwaheri, chapati Jumapili tu. Sukari kwenye chai nikaitoa kijiko kwa kijiko mpaka ikaisha. Ugali nikaupima kwa kikombe cha chai: kikombe kimoja kilichofinyangwa, basi. Mboga nikaongeza. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa migumu saa nne asubuhi tu, yule kijana wa chai anapopita na birika lake akiimba. Baadaye nikazoea.

Na siwezi kusema uongo, ilifanya kazi. Aprili 2023 nilikuwa kilo 76. Presha 126 kwa 80. Sukari 5.4. Magoti niliyokuwa nikiyalaumu uzee yalinyamaza. Nesi yuleyule alinipigia makofi mbele ya foleni nzima. Binti alinieleza sababu kwa lugha ya jikoni: mafuta yakijaa kwenye ini na kuzunguka viungo vya ndani, mwili unakuwa kiziwi, insulini inabisha na haufungui, sukari inabaki barabarani kwenye damu. Yakipungua, usikivu unarudi. Hayo mpaka leo sijayabishia, na mtu mwenye kilo zangu za zamani akiniuliza kama apunguze, namwambia apunguze.

Kosa langu lilianzia pale nilipopigiwa makofi. Badala ya kusimama nikakanyaga mafuta. Kama kikombe kimoja cha ugali kimeleta haya, nusu kikombe kitaleta nini? Kama milo miwili ni mizuri, mmoja je? Kufikia Mei nilikuwa nakula mara moja kwa siku, saa kumi jioni, sahani ya sukuma wiki na kipande cha kitu, na kukicha nachungulia mizani kabla ya kuchungulia simu.

Jirani yangu sokoni ni mama wa Pumwani, Mwislamu. Ramadhani ya mwaka huo ilianza Machi, na mimi nilimwendea kwa fahari ya mtu aliyepata mwenzake wa safari. Nikamwambia, sasa tuko pamoja. Alinitazama huku akikunja blanketi za watoto. "Mwenzangu, mimi nafunga. Wewe unajinyima. Mimi magharibi ikiingia kuna tende, kuna uji, kuna sambusa, kuna wajukuu. Wewe magharibi yako ni saa ngapi?" Kisha akaongeza kitu ambacho nilikipuuza wakati ule: "Na hata sisi, mgonjwa halazimishwi. Mzee asiyejiweza halazimishwi. Mama yangu hafungi, tunalisha maskini kwa niaba yake."

Mwili ulianza kunionyesha ankara yake. Kwanza baridi. Gikomba saa sita mchana, watu wanavua majaketi, mimi nimevaa sweta mbili, na sweta nzuri za kuuzwa ndizo nilizovaa. Kisha hasira. Niligombana na mteja wa miaka mingi kwa sababu ya shilingi hamsini, mama wa watu akaweka nguo chini akaondoka, na mpaka leo hununua meza ya pili. Usiku nikawa silali, nimeshika simu naangalia watu wanapika. Si kwamba nitapika. Naangalia tu: mtu anakaanga vitunguu, mtu anamimina tui. Mume wangu, ambaye hazungumzi sana, aliniuliza kama nimeanza kuangalia picha chafu.

Binti aliponikuta na hizo video ndipo aliponitajia wanaume wa Minnesota, kule Marekani. Mwishoni mwa 1944, vita vikiwa bado havijaisha Ulaya, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya, watu waliokataa kushika bunduki kwa imani zao, akataka kujua njaa inamfanya mtu nini na namna ya kumrudisha. Kwa wiki 24 za 1945 walilishwa kama nusu ya walichokuwa wakila, viazi na mkate na makaroni, huku wakitembea maili nyingi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walihisi baridi wakati wa kiangazi. Mapigo ya moyo yalipungua kasi. Hamu ya mapenzi ilikufa. Wakawa wakali, wenye huzuni, na walisoma vitabu vya mapishi usiku kama watu wengine wanavyosoma riwaya.

"Sweta mbili, Mum," binti akasema. "Na hizo video."

Nilimwambia wale walikuwa vijana wa vita na mimi nina sukari mlangoni. Mtu anayeshinda hasikii.

Kilichonishtua kidogo ni mtungi. Umoja maji huja kwa zamu, na siku ya zamu yetu yakikosa kupanda kwenye tangi tunachota chini. Tunakaa ghorofa ya tatu. Mtungi wa lita 20 nilikuwa naupandisha bila kupumzika hata nilipokuwa na kilo 89, na huo mwili wote ulikuwa nao unapanda. Juni 2023, kilo 70, nyepesi kama kijana, nilisimama ghorofa ya kwanza. Nikasimama tena ya pili. Mikono ilitetemeka, maji yakamwagika kwenye viatu. Nilikaa kwenye ngazi nikaangalia mkono wangu wa juu. Ngozi ilikuwa inaning'inia kama mkono wa shati la fagia.

Kumbe mwili haukuwa unauza fagia peke yake. Baadaye mtaalamu wa lishe alinieleza kwamba mtu akipungua kwa njaa tupu, bila kufanya mazoezi na bila protini ya kutosha, mara nyingi karibu robo ya kilo zinazoondoka si mafuta, ni misuli na vinginevyo. Na misuli, ukishafika umri wangu, tayari inaondoka polepole yenyewe kila mwaka hata ukiwa unakula. Mwanamke aliyekoma hedhi mifupa yake nayo iko kwenye mteremko huohuo. Mimi nilikuwa nauza kamera, na kwa bei ya kutupa.

Lakini hayo yalikuwa yangu, nilijitakia. Niseme sasa ya Mama.

Mama alihamia kwetu kutoka Machakos mwaka 2021, baada ya kuanza kusahau dawa za presha. Alikuwa na miaka 76 mambo haya yalipotokea. Meno yaliyobaki ni machache, kwa hiyo anapenda vitu laini: muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, iliyoiva hadi ikasalimu amri, uji wa wimbi wenye maziwa, yai la kuchemsha lililopondwa na chumvi. Hajawahi kudai chakula maishani mwake. Ukimuuliza "Mama, umeshiba?" anasema ameshiba kabla hujamaliza kuuliza.

Na mimi, katika kupunguza kwangu, sikuwa nimepunguza sahani yangu. Nilikuwa nimepunguza sufuria. Sikutaka majaribu nyumbani. Sufuria kubwa niliipandisha juu ya kabati, nikawa napikia ile ya kati, kisha ndogo. Chai ya maziwa ikawa strungi, kwa sababu maziwa yakiwepo nitayanywa. Mayai nikaacha kununua kwa trei. Mafuta ya kupikia, kijiko. Nyama, Jumapili, na ya kunusa. Nilikuwa najisifu hata kwa majirani kwamba nyumba yetu yote sasa inakula kiafya.

Nyumba yetu yote! Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa anakula kibandani Mlolongo kabla ya kurudi, akifika anasema kazi imemchosha hana hamu. Binti alikula chuoni. Mdogo wake yuko shule ya bweni. Mtu pekee aliyekuwa akila sufuria yangu mchana na usiku, ambaye hakuwa na kibanda wala rafiki wa kumnunulia chapati, ambaye asingeweza kuteremka ngazi peke yake, alikuwa Mama.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Nairobi ya Julai inajulikana. Saa tisa usiku nilisikia kishindo bafuni, halafu kimya, halafu sauti ndogo ikiniita kwa jina la utotoni. Nilimkuta ameegemea ndoo, mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Alisema alisikia kizunguzungu akataka kujishika ukutani. Nilipomwinua nilijiandaa kwa uzito, nikajikuta nimemnyanyua kama mtoto, mimi ambaye mtungi unanishinda. Ndipo nikaona leso yake. Mama hufunga leso kiunoni kwa fundo moja mbele. Ile leso ilikuwa imemzunguka mara mbili.

Hospitalini tulikaa mpaka saa tano asubuhi. Sitasimulia foleni, kila mtu anaijua. Daktari alikuwa kijana mpole, akatazama picha ya mfupa, akasema kifundo kimevunjika na kitafungwa plasta, haina upasuaji. Kisha badala ya kutuandikia dawa tuondoke, akamshika Mama mkono mzima, juu kidogo ya kiwiko, akauzungushia vidole vyake. Akaomba apimwe uzito. Kilo 46. Akafungua kadi ya kliniki, akarudi nyuma ukurasa mmoja. Kilo 54, Oktoba. Presha ilikuwa imeshuka sana, na bado Mama alikuwa anameza dozi ileile ya mwili ule wa zamani.

"Susu anakula vizuri?" akaniuliza mimi, yaani nyanya kwa Kikamba.

Mama akawahi kujibu. "Nakula sana."

Daktari akanigeukia tena. "Nyumbani anapika nani?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani, na mengine yalikuwa ya polisi. Sijawahi kuulizwa lililonivua nguo kama lile. Nikasema, "Mimi." Akaandika kitu. Hakunilaumu, na ingekuwa nafuu angenilaumu.

Njiani kurudi, Mama amesinzia kwenye kiti cha nyuma cha teksi, binti alinisomea mambo ambayo pengine alikuwa amejaribu kunisomea kabla. Kuna utafiti wa Marekani ulioitwa CALERIE, watu 218, ambao si wanene kupita kiasi. Zaidi ya nusu yao waliombwa wapunguze kalori kwa asilimia 25 kwa miaka miwili. Pamoja na kushauriwa na kufuatiliwa kote kule, walichoweza ni asilimia 12 hivi. Na hiyo 12 ilitosha: presha ikashuka, kolesteroli mbaya ikashuka, insulini ikafanya kazi vizuri. Mwaka 2023 huohuo ilichapishwa hesabu ya kasi ya kuzeeka kwa kupima damu yao, ikaonekana imepungua kwa asilimia 2 hadi 3. Lakini walipewa vitamini na madini. Walipimwa mifupa, na hata kwa uangalizi huo mifupa ya nyonga na uti wa mgongo ilipungua uzito kidogo. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyeanza akiwa na miaka 60, sembuse 76.

"Kwa hiyo nusu yako ya kikombe," binti akasema, "hakuna aliyeijaribu hata kule."

Akanisimulia na kima. Makundi mawili ya watafiti Marekani, moja Wisconsin lililoanza 1989, jingine la taasisi ya taifa ya uzee lililoanza 1987, yaliwapunguzia kima aina ya rhesus chakula kwa miaka zaidi ya ishirini. Wisconsin wakatangaza 2009 kwamba waliopunguziwa wanaishi zaidi. Wenzao wakatangaza 2012 kwamba wao hawaoni tofauti ya miaka. Watu wakagombana. Walipokaa pamoja kulinganisha, tofauti mojawapo kubwa ilikuwa jikoni: chakula cha Wisconsin kilikuwa na sukari kama asilimia 28, na wale wasiopunguziwa walikula wapendavyo, chakula cha wenzao kilikuwa na sukari kama asilimia 4, na hata wale wa kulinganishia walipimiwa sahani. Yaani ukimpunguzia anayekula vibaya utaona muujiza. Ukimpunguzia anayekula kwa kiasi, muujiza ni mdogo zaidi.

Mimi nilikuwa kima wa Wisconsin. Mandazi, soda, chapati. Mama, na uji wake wa wimbi na kiyai chake kimoja, alikuwa yule mwingine.

Wiki iliyofuata tulienda kwa mtaalamu wa lishe, mama mmoja asiyecheka hovyo. Alimpigia Mama hesabu kama mtu anayepiga hesabu ya belo. Mzee wa umri ule anahitaji protini kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kila siku, nyingi kuliko ya kijana, maana mwili wa mzee ni mgumu kuigeuza kuwa misuli. Kwa Mama ni kama gramu 50 hivi. Yai moja lina kama 6. Glasi ya maziwa, 8. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa, 15 hivi. Akaniambia nimhesabie alichokula jana yake kabla ya kuvunjika. Strungi. Mkate vipande viwili. Ugali kidogo na sukuma. Strungi. Tulifika gramu kumi na kitu akaweka kalamu chini.

Kwangu alisema kitu kimoja ambacho nakumbuka kwa sauti yake: "Wewe ulipofika 76 ulikuwa umemaliza kazi. Zilizobaki ulizitoa mfukoni kwako." Akaniruhusu milo miwili na nusu, protini kila mlo, na akaniamuru mtungi. Kweli, mtungi. Niubebe kwa makusudi mara tatu kwa wiki hata maji yakiwa juu, nianze na nusu. Majirani wanadhani nimerukwa na akili, nateremka na mtungi uliojaa na kupanda nao.

Sasa nina kilo 75, sukari 5.5, na ghorofa ya tatu nafika bila kukaa. Omena nimeirudisha, ndengu zimerudi, sufuria kubwa imeshuka kabatini. Soda haikurudi. Jioni bado sili baada ya saa moja usiku, si kwa ajili ya Mjapani na hamira yake, ni kwamba nalala vizuri zaidi. Mama amefika kilo 51, na daktari alipunguza dawa ya presha. Mkono ulipona ila vidole vya kulia havikunji vyote.

Kuna jambo nililofikiria sana siku zile plasta ilipokuwa bado mkononi mwake. Mwaka 1984, ukame ule mkubwa, nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikula mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo, yana harufu ambayo nikiinusa leo nitaijua. Mama alikuwa anatugawia, sisi watano, anakwangua chungu, halafu anakaa pembeni na kikombe cha maji ya moto. Tukimuuliza anasema, "Nimeshakula." Niliamini. Watoto huamini. Miaka karibu arobaini baadaye alikaa mezani kwangu Umoja, hakuna ukame, Gikomba kumejaa, akaniambia neno lilelile kwa sauti ileile, na mimi mtu mzima nikaamini tena kwa sababu lilinifaa.

Nilimwomba msamaha. Alinishangaa. Akasema alidhani biashara imekuwa mbaya na ninaona aibu kusema, ndiyo maana chakula kimepungua, akaamua asinilemee. Miezi minane alikuwa ananilinda na umaskini ambao haukuwepo.

Siku hizi ana mchezo wake. Nikiinjika maji ya ugali, anaingia jikoni akikokota kandambili, anafunua kifuniko, anachungulia.

"Hii ni ya watu wangapi?"

"Wanne, Mama."

Jana alichungulia tena, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya serikali. Kisha akachukua jagi kwa mkono wa kushoto akaongeza maji, akafungua pakiti ya unga kwa meno aliyonayo, akasimama pale akingoja yachemke.